Vifaranga wa Gazeti na Sweta ya Mkono Mmoja

Juma lililopita mjukuu wangu alileta nyumbani katoni ya vifaranga wa siku moja. Akaning'iniza balbu juu yao, akatandika gazeti chini, akapangusa mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, na vitunguu vyangu hunukia mpaka Gilgil. Hata hivyo ile harufu ya katoni ikavipita vyote ikanifikia: wino wa gazeti uliolowa, kinyesi chepesi cha kifaranga, vumbi la manyoya yanayokauka. Ilikosa mafuta ya taa tu. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Shosho," akaniita, "njoo uone huyu. Amepiga msamba. Huyu ni wa kutupa."

Nikaenda. Kifaranga alikuwa amelala kifudifudi juu ya habari za siasa, mguu mmoja umeelekea Naivasha na mwingine umeelekea Eldoret. Alikuwa anapiga makelele kuliko wenzake wote waliosimama.

"Wa kutupa ni hilo gazeti," nikamwambia. "Toa. Leta gunia. Na uniletee ile sweta yangu kuukuu iliyo nyuma ya mlango."

"Sweta ya nini na jua hili?"

Akaileta hata hivyo. Nikaketi na yule kifaranga kiganjani, na kabla sijavuta uzi wa kwanza nilikuwa nimesharudi utotoni, kwenye lile shamba la mzungu juu ya ziwa la Elmenteita, mimi mtoto wa miaka sita au saba, pua zinatiririka, na nimevaa sweta nyekundu iliyokuwa mali yangu ya pekee duniani.

Sisi tulikaa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama meno. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kumfanya ng'ombe akamuliwe barafu. Baba alikamua hao ng'ombe. Mama alifanya kazi nyumba ya kuku, na kazi hiyo ilikuwa ya heshima, kwa sababu Memsahib, mke wa yule mzungu, alikuwa na mashine ya kuangulia mayai, sanduku kubwa la mbao lenye taa ya mafuta ubavuni, na aliipenda kuliko alivyompenda mumewe. Hilo si uchongezi. Mumewe tulimwona akisahauliwa mvuani mara kadhaa. Mashine haikuwahi kusahauliwa.

Mayai yalipoanguliwa, vifaranga walihamishiwa kwenye masanduku yaliyotandikwa gazeti. Memsahib alitaka usafi. Magazeti yake yalikuja na treni mpaka stesheni, akayasoma, kisha akayatoa kwa kuku. Na kila mara, baada ya siku moja hivi, wachache miongoni mwa vifaranga walikutwa wamelala na miguu imetanuka pande mbili, hawawezi kujiinua. Memsahib aliwaokota kwa vidole viwili.

"Hii mbaya. Tia maji," alimwambia Mama.

Maana yake ndoo. Mama alijaza ndoo maji na kuwazamisha. Alifanya hivyo miaka mingi, na miaka hiyo yote hakuwahi kula yai. Mimi nilifikiri hapendi mayai.

Sasa, mtoto akiachwa peke yake na jambo asiloelewa hulitengenezea maelezo, na yangu yalikuwa ya kisayansi kabisa. Niliona kwamba kuku wetu wa kienyeji pale laini waliangua juu ya udongo na majani, na vifaranga wao walikimbia kama wamechelewa kazini. Wale wa Memsahib walisimama juu ya maandishi, wakavunjika. Basi ni maandishi. Zile alama nyeusi zilikuwa zinapanda kupitia nyayo na kulegeza miguu.

Na ushahidi ulinizunguka! Memsahib, msomaji mkubwa kuliko wote, alitembea na mkongojo. Karani wa shamba, aliyeandika majina yetu kwenye kitabu, alikuwa na matege ambayo mwanakondoo angepita katikati bila kumgusa. Mwalimu wa dini aliyekuja Jumapili na Biblia kwapani alichechemea mguu wa kushoto. Upande wa pili, Baba hakujua hata herufi moja na aliweza kuruka ua la seng'enge akiwa amebeba debe la maziwa. Nani angebishana nami? Mwalimu wa dini aliposema niletwe darasani nijifunze a-e-i-o-u, nilijifunga kwenye nguzo ya nyumba kwa mikono na miguu, nikapiga ukelele uliofanya flamingo wa ziwani wahame siku mbili. Waliniacha. Msichana kukosa darasa wakati ule hakukumsumbua mtu.

Siku ninayotaka kuisimulia, walipiga msamba vifaranga kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa vidole vyangu nikaazima kimoja cha Mama. Memsahib akasema maneno yake, akaenda zake na mkongojo. Mama akajaza ndoo. Akamchukua wa kwanza. Akakaa naye hivyo mkononi muda mrefu, akimpapasa paja kwa kidole gumba.

Ni lazima niwaambie kwamba mama yangu alikuwa na kazi nyingine ambayo Memsahib hakuijua. Wanawake wa laini, na hata wa mashamba ya mbali kule chini Kariandusi, walimletea watoto wachanga waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Aliwakanda kwa mafuta, akawafunga kwa vitambaa vilaini, akavifungua na kuvifunga upya kila asubuhi, mpaka mguu unarudi mahali pake. Nimeona watoto waliofika wamekunja miguu kama samosa wakaondoka wakimpiga Mama mateke. Basi vile vidole vyake vilijua kitu, na siku ile naona vilikataa kunyamaza.

"Huu mguu haujavunjika," alisema, si kwangu, kwa ndoo. "Umeteleza tu."

Akamwaga maji. Ndoo nzima, mlangoni, nikaona yakikimbia mpaka kwenye maua ya Memsahib. Kisha akawapanga wote kumi na mmoja ndani ya kiondo chake, akafunika kwa majani ya sukuma, akanishika mkono. Tukapita mbele ya nyapara.

Nyapara tulimwita Filimbi, kwa sababu ya ile filimbi aliyoivaa shingoni hata akienda kuoga. Alikuwa na masikio ya kusikia siafu akikohoa.

"Mama Njoki, kiondo kinalia."

"Ni huyu mtoto. Ana tumbo."

Nikalia. Nikalia kama vifaranga kumi na mmoja, cho-cho-cho, mpaka Filimbi akasogea nyuma asiambukizwe.

Baba alipotoka kukamua akakuta kiondo sakafuni, uso wake ukabadilika. Sheria ya shamba ilijulikana. Laini tuliruhusiwa kuku wa kienyeji wachache. Kuku mweupe wa kizungu akionekana kwako, huyo ameibwa, na mwizi hufukuzwa shambani, hupandishwa lori pamoja na watoto, sufuria na kitanda. Ilikuwa miaka ile malori yalipokuja kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Jirani zetu wa mlango wa tatu walikuwa wamekwenda hivyo, wakaacha ugali mekoni.

"Wewe mwanamke," Baba alisema polepole, "unataka tulale wapi?"

"Hapa hapa."

"Hao ni wa Memsahib."

"Memsahib amewatupa. Aliniambia nitie maji. Kama ni wake bado, mbona ameniambia niwaue?"

"Utamwambia hivyo yeye?"

"Akiniuliza."

Baba akakaa chini. Aliweza kubishana na fahali, na fahali akajirudi. Kwa Mama alijaribu mara moja tu kwa mwaka, na ya mwaka ule ilikuwa imekwisha tumika kwa jambo la kitanda.

Kilichohitajika ni uzi laini. Mkonge ungekata ngozi. Kitambaa kingekuwa kinene. Mama akatazama chumba kizima, kisha akanitazama mimi. Mimi nikaitazama sweta yangu. Nilielewa kabla hajasema, nikakumbatia mabega.

"Mkono mmoja tu," akasema. "Utabaki na mwingine."

Akafumua kuanzia kiganjani. Uzi mwekundu ukatoka ukiwa umejikunja kama nywele. Kila kifaranga alikula kipande kirefu kama kidole. Mama aliileta miguu pamoja chini ya mwili, si kwa kuibana, bali kwa upana ule anaosimama kifaranga mzima, akazungusha uzi mguu huu na ule, akapitisha katikati, akafunga fundo ambalo sindano ingeona haya. Halafu akamweka juu ya gunia lililofuliwa, lenye nyuzinyuzi za kushika vidole.

"Mguu unataka kushika kitu," aliniambia. "Ukikosa cha kushika unakwenda zake."

Wawili walikuwa na tatizo lingine, vidole vimejikunja ndani kama ngumi. Hao Mama aliwakatia viatu kutoka kwenye ganda la kiberiti, akanyoosha vidole juu yake, akavifunga. Nilipoona ganda lina maandishi nilimpokonya. Nikalisugua kwa jiwe mpaka hapakubaki hata nukta. Mama aliniangalia tu. Naona alifikiri nasafisha.

Siku za kwanza walianguka kama walevi wa Krismasi. Walipiga hatua, wakapinduka, wakalala chali wakitukana. Tuliwainua mmoja mmoja na kuwatumbukiza mdomo kwenye maji, tukawapa uji wa mahindi uliochanganywa na maziwa na majani mabichi yaliyopondwa. Kila asubuhi Mama alifungua nyuzi, akakanda mapaja kwa ncha ya kidole, akafunga tena kwa kulegeza kidogo. Mmoja akafa usiku wa pili. Nilimzika na uzi wake. Sikudai urudishwe.

Kumi waliobaki wakasimama. Siku ya tano ilikuwa hivyo, au ya sita: nimeamka, mkono wangu mmoja umekufa ganzi kwa baridi, nikaona gunia limejaa vifaranga wa manjano wanaotembea na mafundo mekundu miguuni, kama wacheza ngoma. Nilicheka mpaka Baba akanifunika mdomo.

Alichelewa. Nje filimbi ikalia.

Saa nne hivi, jua likiwa limepanda, Memsahib mwenyewe alikuja laini, jambo lililotokea mara chache kuliko kupatwa kwa mwezi. Mkongojo mkono huu, gazeti mkono ule, amejikinga jua nalo. Filimbi nyuma. Wanawake waliokuwa wakianika mahindi wakaacha kuanika.

Filimbi akaingia kwetu bila kubisha, akatoka na gunia, akawakung'uta vifaranga hapo uani. Wakatawanyika wakitembea. Nasema wakitembea.

"Hii kuku yangu," alisema Memsahib. "Wewe naiba."

"Ulisema nitie maji, Memsahib."

"Mimi nasema tia maji. Mimi hapana sema tia nyumba yako."

Filimbi akaongeza, "Lori liko Gilgil leo, Memsahib. Naweza kutuma mtu."

Baba alikuwa amesimama kando ya mlango na kofia mkononi. Ndipo Memsahib akainama kwa shida juu ya mkongojo wake, akamtazama kifaranga aliyempita kwenye kiatu. Akaona uzi.

"Nani nafanya hii?"

Mama angejibu, angekuwa amekiri. Hapo mimi, mtoto wa mkono mmoja, nikatoka nyuma ya sketi yake. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Pengine ni ile baridi ya mkono.

"Ni gazeti lako!" nikapayuka. "Maandishi yako ndiyo yanavunja miguu! Hata wako! Hata wa karani!"

Mwanamke mmoja akaangusha ungo. Filimbi akainua fimbo, na Mama akajiweka katikati yangu na fimbo, taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

"Huyu mtoto amekosea maandishi," akasema. "Gazeti hajakosea. Memsahib, nipe hilo."

Akanyoosha mkono. Mpaka leo sijaona mkono umenyooshwa hivyo. Haukuwa mkono wa kuomba. Na Memsahib, bila kujua anafanya nini, akampa.

Mama akatandaza gazeti hapo chini. Akamkamata mmoja, akamfungua uzi, akamweka juu yake. Kifaranga akajaribu hatua, mguu ukateleza kando, akajaribu tena, ukateleza. Akaanza kulia. Mama akamwinua, akamweka juu ya gunia. Akayumba, vidole vikashika nyuzi, akaenda.

"Karatasi ni utelezi," alisema Mama. "Mguu wa siku ya kwanza haujui kujizuia. Wewe ndiwe unawatoa miguu, halafu mimi ndiye nawaua."

Mimi nilingoja mbingu zianguke. Nilikuwa nimekwisha chagua sufuria nitakayoibeba kwenye lori.

Memsahib alitazama gazeti. Akatazama gunia. Shingo yake ikaota wekundu, ukapanda mpaka masikioni. Alipofungua mdomo, alimwambia Filimbi, kana kwamba wazo limemjia mwenyewe asubuhi hiyo akinywa chai:

"Kesho, sanduku yote, tia gunia." Kisha akamgeukia Mama. "Wewe rudi kazi. Na hii kuku rudi kwa mashine."

Kwa hiyo ndivyo! Alipolala kifudifudi alikuwa taka. Aliposimama akawa mali. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa bila mwalimu.

Mama naye alielewa. Akaketi chini, akanyoosha miguu mbele yake kama mtu mwenye siku nzima.

"Kuku ni wako, Memsahib," akasema. "Uzi ni wa mtoto wangu."

Akaanza kuwafungua. Mmoja mmoja. Fundo lile ambalo sindano ingeona haya, alilifungua kwa kucha, polepole, akaunyoosha uzi juu ya goti, akauviringisha kwenye kidole, kisha ndipo akampokea mwingine. Jua lilikuwa kali. Memsahib hakuwa na gazeti la kujikinga, kwa sababu lilikuwa chini limekanyagwa na kifaranga.

"Haraka wewe!" Filimbi akasema.

"Ukivuta haraka, mguu unatoka. Ama njoo ufungue wewe."

Filimbi akavitazama vidole vyake, vilivyokuwa vinene kama mahindi ya kuchoma, akavitia mfukoni. Wanawake wa laini wakaanza kucheka kwa puani. Memsahib alisimama juani, akibadili mguu wa kusimamia, mpaka fundo la mwisho. Mimi nasema ilichukua saa mbili nzima. Mama alisema si zaidi ya dakika chache. Mama hakuwa na kipaji cha kusimulia.

"Walikuwa wangapi?" Filimbi akauliza akiwatia kwenye kikapu.

"Wewe uliwahi kuhesabu wa kutupwa?"

Akapuliza filimbi yake, wakaenda.

Walipofika mbali nikauinua mkono wangu wa sweta uliobaki, ule mzima. Humo ndani, karibu na kwapa, palikuwa na joto na palikuwa na moyo mdogo unaopiga mbio kama wangu. Nilikuwa nimemtia humo watu wote walipokuwa wanatazama gazeti. Mguu wake mmoja ulikuwa bado na kiatu cha kiberiti.

Baba akamwona. Nikangoja kupigwa. Akafumba macho, akapumua, akaenda mekoni akarudi na viganja vimejaa masizi.

"Mlete hapa," akasema, "kabla hajawa mweupe."

Na hivyo ndivyo baba yangu, mwoga wa malori, alivyompaka kuku yule masizi kila Jumamosi, kwa uaminifu kuliko alivyopaka viatu vyake rangi. Alikua mkubwa kama bata mzinga. Alitaga mayai ambayo leo mngeyauza kwa vipande. Filimbi alipita mbele yake mara elfu, na mara moja nusura amkanyage. Yai la kwanza Mama alilichemsha, akalimenya, akalila lote peke yake, amesimama mlangoni anatazama upande wa nyumba kubwa. Hakunigawia, na mimi sikuomba.

Ile sweta haikushonwa tena. Mama alitaka kuufuma mkono upya kwa zile nyuzi, mimi nikakataa. Nilitembea nayo hivyo mpaka ikanibana, mkono mmoja mwekundu na mwingine wazi wenye upele wa baridi, na mtoto aliyenicheka nilimwonyesha ule wenye ngumi.

Lakini jambo la maandishi halikunitoka. Mama alisema nimekosea, na kichwa changu kilikubali, nyayo zangu zikakataa. Nilikua, nikaolewa, nikahamia Nakuru mjini, nikazaa, nikauza mboga sokoni miaka mingi nikitia alama za makaa ukutani, na kila nilipoona gazeti limelala njiani nililizunguka. Nilikuwa mama wa watoto watano siku nilipojiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, ndevu tatu. Akatugawia kila mmoja karatasi yenye herufi.

Nikaiweka sakafuni. Ilikuwa saruji iliyopigwa nta, utelezi mtupu. Nikavua viatu.

"Mama, unafanya nini?" akauliza. Darasa zima likageuka.

"Napima miguu, mwalimu."

Nikapanda juu ya karatasi kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Nikaipanua miguu kidogo, kwa upana ule aliotufundisha Mama. Karatasi ikataka kwenda, nikaikandamiza kwa vidole vyote kumi. Nikasimama pale mpaka waliokuwa wanacheka wakachoka kucheka.

"Haya," nikamwambia. "Sasa nifundishe."